Seli Zisizoshikana

Yasmin alisoma fomu mara ya pili: Rehani, miaka arobaini na mmoja, mkulima, Mgeta. Hakuwa mwingine. Ni dada yake wa tumbo moja, aliyekuwa akikaa kwake Kihonda, mjini, tangu akatwe kipande cha nyama kwenye titi ili kipimwe.

Kazi ya Yasmin maabarani ilikuwa kupaka rangi vipande vya nyama kabla daktari hajavisoma. Rangi ya siku hiyo ilitafuta protini inayozishikanisha seli. Ikiwepo, kingo za seli hugeuka kahawia. Akachungulia kwenye hadubini. Seli za Rehani hazikuwa na kahawia hata kidogo. Zilikuwa zimeachiana, zimejipanga mojamoja, zinapenya kwenye mafuta ya titi. Miaka tisa ya kazi ilimtosha kujua maana yake.

Majibu hutolewa na daktari tu, na miadi ya Rehani ilikuwa Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jioni alimkuta Rehani anafunga begi. "Mdogo wangu, kesho napanda mlimani. Njegere zimekomaa. Na hapa kwenye titi hata uvimbe hakuna, ni pagumu tu."

"Subiri Alhamisi, dada."

"Kuna nini?"

Yasmin akageukia sufuria. Akisema, amevunja sheria ya kazi. Akinyamaza, dada ataondoka, na mvua ikikata barabara ya Mgeta hatarudi kwa miadi. "Nakuomba tu," alisema.

Rehani alibaki kwa manung'uniko. Siku mbili walikula pamoja, Yasmin akikwepa macho yake.

Alhamisi Daktari Athanas alisema ni saratani, kisha akamwomba Yasmin amweleweshe dada yake.

"Seli za mwili hushikana, dada. Zako zimepoteza kinachozishika. Ndiyo maana hukuona uvimbe. Na zikishaachiana, ni rahisi kusafiri."

"Zimeshafika wapi?"

"Bado hatujui. Lazima upigwe picha ya mwili mzima. Dawa zipo."

Rehani alimgeukia. "Wewe umejua lini?"

"Jumatatu."

"Ukaniacha nacheka na jirani zako siku zote hizo."

Yasmin alitaka kumweleza habari za sheria, akaona ni upuuzi. "Nisamehe, dada."

"Sasa hivi siwezi." Rehani alivuta pumzi. "Picha inapigwa wapi?"

"Dar es Salaam. Nitakupeleka."

"Kaombe ruhusa, basi."

Yasmin akatoka. Alipogeuka mlangoni, dada yake alikuwa bado ameketi, anautazama ukuta.