Kipimajoto Ndani ya Soseji

Pikapu ya mzee Malapane ilitoa moshi wa buluu hadi mtu akatamani kutapika, lakini kompyuta ikasema ina nguvu kuliko siku ilipotoka kiwandani. Watu wakashangilia. Dieketseng, fundi aliyekuwa akiiendesha mashine ya kupimia nguvu za injini, aliguna tu. Aka! Mkweche ule?

Klabu ya magari ya Sebokeng ilikuwa imeshatoa neno: mwenye injini kali kuliko zote leo ndiye atakayewaundia injini ya gari lao la mashindano. Asubuhi, gari la Tshokolo, fundi mwenzake, lilitoa kilowati mia na kumi na mbili. La Dieketseng, mchana, mia na ishirini na moja. Kazi ilikuwa kama imeshakuwa yake.

Akakagua matairi, mikanda, na roli ambazo magurudumu huzungukia juu yake. Vyote sawa. Akatupa jicho kwenye skrini: hewa ya karakana, nyuzi joto sabini na tano! Mashine ikidhani injini inavuta hewa ya moto, huongeza kilowati kwenye hesabu ili kuifidia. Akaufuata waya wa kipimajoto, ukamtoa nje dirishani, hadi kwenye moto wa nyama.

Malapane, mwenye karakana, mafuta yakimchuruzika kidevuni, alikuwa amekichomeka ndani ya soseji.

"Ntate, mzee wangu, unafanya nini?"

"Naangalia kama imeiva, ausi, dada yangu. Tangu tuwashe moto mchana napimia hiki. Kizuri sana!"

"Hicho kinalala sakafuni kwenye grisi na masizi! Na watu mmewalisha? Ptuu!"

Akakichomoa. Kiliacha mstari mweusi ndani ya nyama.

"Sasa kelele za nini?" Malapane alinong'ona, pumzi yake ikinuka kitunguu. "Si umeshinda? Kirudishe, nimalizie nyama yangu."

Mkono wa Dieketseng ulisita na kile kipimajoto, akitamani kukirudisha. Hapo ndipo alipojionea kinyaa yeye mwenyewe.

"Magari yote ya mchana yarudi kwenye roli!" akapaza sauti. "Langu la kwanza."

Kipimajoto kikiwa kimerudi karakanani, skrini ikasoma: mia na kumi na moja.

Tshokolo alikuja kumpa mkono, vidole vinateleza kwa mafuta. "Pole, ausi. Ni kilowati moja tu."

Dieketseng alijifuta kiganja kwenye ovaroli, akajifuta tena. Kule motoni, Malapane alikata kile kipande cheusi, akamtupia mbwa, akaendelea kutafuna.

Mbwa alikinusa, akakiacha.