Udongo Usiopenda Kupigwa

Nyundo hakupewa jina hilo na mama yake. Alipewa na mafundi wenzake wa barabara, kwa sababu ya rola yake ya kushindilia na kwa sababu ya maneno yake, maana vyote viwili vikipita mahali huacha alama. Alikuwa mtu mfupi, mpana, na katika kazi aliamini jambo moja tu: udongo ni mkaidi, lakini ukiupiga vya kutosha utatii. Kwa imani hiyo alikuwa amelaza barabara nyingi za tambarare, na magari yanapita juu ya barabara hizo mpaka leo bila kulalamika. Ukitaka kumuudhi, mwambie rola ni mashine ya kwenda mbele na kurudi nyuma. Atakueleza mpaka chai yako ipoe.

Sasa akakutana na mlima. Barabara ilikuwa inapandishwa kwenye ubavu wa mlima uliowahi kutema moto zamani za mababu wa mababu, ndani ya msitu mnene wenye ukungu wa kila asubuhi, ili ifike kwenye zahanati ya juu ambako wagonjwa wazito walikuwa bado wanashushwa kwa machela. Upande mmoja ulikuwa ukuta wa mlima, upande wa pili bonde, na chini kabisa bondeni mabati ya nyumba za watu. Katapila lilikata ukuta, likatandaza udongo, kisha Nyundo akaja na rola yake. Mzunguko wa kwanza udongo ulitulia kama mtoto mwenye adabu. Mzunguko uliofuata udongo ukalegea. Kadiri alivyozidi kushindilia ndivyo ulivyozidi kuwa uji, hadi rola ikaanza kuyumba na magurudumu yakajaa tope. Akangoja utulie, akaupiga tena, na mambo yakawa yale yale.

Msimamizi wa kazi alimwita pembeni na kumwambia bila kuzunguka. Ijumaa ya wiki ijayo mhandisi mkuu anakuja na kipimo chake. Kipande kile kikishindwa, kiti cha rola atapewa dereva mwingine, na Nyundo atarudi karakana kusubiri barabara nyingine. Kusubiri karakana kila mtu alikujua. Wazee wa mashine waliorudishwa huko walikaa kwenye benchi la getini, wakanywa chai, wakasimulia barabara zao, na hakuna aliyewaita tena. Nyundo siku zote alikuwa akiwahurumia watu wa benchi lile, wala hakuwahi kufikiri kwamba bado lina nafasi.

Nyumbani kwake alikuwa na mtani. Mdogo wa mkewe alikuwa mpima udongo katika mradi ule ule, na tangu apate kazi hiyo alikuwa akiishi nao. Nyundo alizoea kumwambia kwamba amesoma miaka yote hiyo ili achezee matope, kazi ambayo watoto wanaifanya bure. Naye alimjibu kwamba afadhali yeye anayeinama, kuliko mtu anayelipwa kwa kukaa. Mke wa Nyundo alikuwa refa wa mechi hiyo, na mara nyingi alipendelea damu yake.

Jioni ile Nyundo alikula akilalamika. Akautukana mlima, akaitukana mvua, akamtukana na fundi wa katapila ambaye hakuwa na kosa lolote. Shemeji yake alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kijiko chini.

"Shemeji," alisema, "mvua haina kosa. Unayeharibu ni wewe. Udongo ule haupigwi. Upitie mara moja kwa wepesi, halafu uuache."

Nyundo alimtazama mkewe kama mtu anayetafuta shahidi. Kumwambia mtu wa rola auache udongo ni sawa na kumwambia mpishi asiwashe moto. Alisema amesikia, na katika nyumba ile wote walijua kwamba akisema hivyo maana yake ni hapana.

Kesho yake, wakati wa mapumziko ya mchana, shemeji hakumwachia nafasi ya kulala kivulini. Alimshika mkono wa koti akampeleka kwenye ukuta uliokatwa. Nyundo alikuwa amepita mbele ya ukuta ule kila siku akiuona kama kitu cha kuepuka kugonga. Sasa, kwa kuwa alilazimishwa, aliutazama. Ulisimama wima, mrefu kumpita yeye na mtu mwingine juu ya mabega yake, na haukuwa umedondoka hata ukingoni, ingawa miti mikubwa ya msitu ilikuwa imesimama juu yake na uzito wote ule. Alijua udongo wa tambarare ukikatwa hivyo usingemaliza wiki.

Ulikuwa na mistari. Juu kabisa, chini ya majani yaliyooza, kulikuwa na weusi mzito uliojaa mizizi. Chini yake kahawia, halafu mstari wa vijiwe vyeupe vyepesi, halafu weusi tena, na kahawia tena, mpaka miguuni. Shemeji alimweleza kwamba kila mara mlima ulipotema, jivu liliushukia msitu likaufunika. Jivu likaoza polepole likawa udongo, na msitu mwingine ukaota juu yake, ukatengeneza weusi wake, hadi mlima ulipotema tena. Kwa hiyo kila mstari mweusi pale ulikuwa msitu mzima uliowahi kuwa na ndege na kivuli. Nyundo alihesabu misitu minne kwa kidole. Alikuwa akilalamika wiki nzima juu ya kitu ambacho hakujua hata kilitoka wapi.

Kisha akapewa donge. Jambo la kwanza lililomshangaza ni wepesi. Donge lilijaa kiganja lakini mkono haukuona uzito, na lilikuwa kavu kwa kuliangalia, gumu kiasi, la kuaminika. Shemeji akamwambia alisugue kwa dole gumba. Akasugua. Donge likakaza kidogo, halafu ghafla likateleza, likawa kama sabuni, na maji yakatoka katikati ya vidole vyake. Aligeuza mkono, akautazama, akaupangusa kwenye suruali, akachukua donge jingine, akarudia. Maji tena.

Shemeji akamfafanulia kwa lugha ya nyumbani. Jivu lile likioza linajenga vyumba vidogo sana, visivyoonekana kwa jicho, na kila chumba kimejaa maji. Ndiyo maana msitu ule haukauki hata kiangazi, na chemchemi za chini zinatiririka mwaka mzima. Vyumba vikiwa vizima, udongo unasimama hivyo unavyouona, hata kwenye mteremko mkali. Ukiupiga, kuta zinavunjika, maji yanatoka, unabaki na uji. Na ukiuacha wazi juani ukakauka kabisa, unakuwa vumbi, wala ukiurudishia maji haunywi tena kama mwanzo. Lakini ukiutandaza kwa upole, ukaufunika, ukaupa muda, unajikaza wenyewe.

Nyundo alijibu kwamba hayo ni maneno mazuri ya darasani. Lakini alitia donge mfukoni.

Alasiri alipanda rola akarudia kazi yake, maana ukaidi hautoki kwa somo moja. Alikuwa anarudi nyuma kwenye ukingo wa bonde alipohisi kiti kinainama. Hakikuinama sana. Aliangalia chini akaona ufa mwembamba umefunguka upande wa nje wa barabara, ukikimbia sambamba na gurudumu, na udongo kati ya ufa na bonde ukitetemeka pamoja na mashine. Ng'ambo ya ukingo, kupitia matawi, aliyaona mabati. Kwenye ua mmoja mtu alikuwa anaanika nguo. Nyundo aliogopa, na hofu yake haikuwa ya kiti wala ya rola. Akaisogeza mashine kidogo kidogo kuelekea ukutani, akazima injini.

Aliposhuka hakumtafuta msimamizi. Alimtafuta shemeji yake, akamwonyesha ufa. Yeye aliupima, akasema umewahiwa, bado haujaenda chini, na fundi wa katapila akaitwa apunguze mzigo wa ukingoni. Halafu Nyundo ndiye aliyetoa wazo, kwa maana alikuwa fundi, na fundi haamini mpaka aone. Kipande kigawanywe mara mbili. Nusu ya ukutani, ambayo alikwisha kuipiga, ibaki ilivyo. Nusu ya pili, ya upande wa bonde, udongo wake uondolewe, uletwe mwingine mbichi kutoka ukutani, katapila liutandaze na kuukanyaga mara moja kwa mikanda yake mipana, kisha ufunikwe kwa matawi ya msituni. Yeye na rola yake wasiikaribie.

Alipokuwa akisema hayo ndipo alipoelewa anajichimbia nini. Nusu ile ikipona, mlima ule hauhitaji rola. Na mlima usiohitaji rola hauhitaji Nyundo. Mkewe alimuuliza usiku huo mbona hali chakula, akasema ameshiba.

Siku zilizofuata hakuwa na kazi ila kungoja, na kungoja kulimchosha kuliko rola. Kila asubuhi aliinua matawi kidogo, kama mtu anayechungulia chungu, akabonyeza udongo kwa kidole. Moyoni alitamani ubaki laini. Lakini udongo haukumwonea huruma. Siku baada ya siku ulizidi kukaza, pale pale, bila mtu kuugusa, bila mashine, bila hata kelele. Nyundo aliona wivu. Halafu wivu ukampungua, akajikuta anakwenda kuutazama hata bila sababu, akiwaambia mafundi wengine wasipite juu yake na viatu vyao vya kijinga. Alikuwa amefanya kazi na udongo maisha yake yote, na huu ulikuwa wa kwanza kumfanya atake kuona kesho utafanyaje.

Ijumaa asubuhi, kabla ya wakubwa kufika, alichukua mtaimbo. Upande alioupiga, mtaimbo ulizama kama kisu kwenye parachichi. Upande mwingine aliusukuma kwa nguvu zake zote, na Nyundo si mtu wa nguvu haba, ukaingia kidogo tu ukakataa.

Msimamizi aliona, akafurahi kweli. Akamwambia Nyundo kwa sauti ya chini kwamba mambo ni mepesi. Mhandisi apelekwe upande ule mzuri, aambiwe rola imefanya kazi, upande mwingine utajazwa baadaye. Kiti chake kingebaki chake. Hakuna ambaye angeuliza, na shemeji yake, msimamizi alisema, ni mtu wa nyumbani, Nyundo mwenyewe ataongea naye.

Mhandisi alifika na kipimo chake, chuma kirefu chenye uzito unaodondoshwa juu yake ili kuona kinazama kiasi gani. Alianza upande mzuri. Alidondosha, akatazama, akadondosha tena, akainua nyusi.

"Hapa mmeshindilia mara ngapi?" aliuliza.

Msimamizi alifungua mdomo. Nyundo alimtangulia.

"Hapa hatukushindilia," alisema. "Nilikoshindilia mimi ni kule. Njoo upime, uone nilivyokuharibia."

Akampeleka mwenyewe. Chuma kilipozama, hakutazama pembeni. Akamwonyesha mahali ulipofunguka ufa, akamwonyesha nyumba za chini, akamwonyesha ukuta na misitu yake minne, akabandua donge bichi ukutani akalisugua mbele ya mhandisi mpaka maji yakamtiririka kifundoni mwa mkono. Alieleza vyumba vidogo, akaeleza jivu, akaeleza matawi ya kufunikia. Alieleza vizuri na kwa majivuno, kama mtu anayemtambulisha mtoto wake aliyefaulu. Kisha akamwonyesha kwa mkono shemeji aliyemfundisha, akasema maswali magumu aulizwe yule.

Mhandisi aliuliza mengi, na shemeji akajibu yote. Uamuzi haukuchukua muda. Kuanzia pale hadi zahanati, kazi ifanywe kwa njia ile. Rola ishushwe leo leo, irudi karakana.

Msimamizi aliondoka akitikisa kichwa. Shemeji alibaki amesimama, ameshika begi lake la sampuli kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu waishi nyumba moja hakuwa na utani.

"Shemeji, nisamehe," alisema. "Nilitaka barabara isimame. Sikufikiri kwamba wewe ndiye utakayeondoka."

"Mimi nilifikiri," Nyundo alisema. "Nimekuwa nikifikiri wiki nzima. Usilie, utaulowesha udongo, na tayari una maji ya kutosha."

Shemeji alicheka huku machozi yakimtoka. Nyundo akaenda ilipoegeshwa rola, akashika ngazi, akaweka mguu juu. Halafu akaushusha. Aliketi kwenye jiwe, akafungua kamba za viatu, akavua na soksi, akakunja suruali. Akaingia kwenye kile kipande kizuri, polepole, akiweka kisigino kwanza. Udongo ulikuwa baridi, na haukubonyea. Alikuwa amewalazia watu barabara nyingi, lakini hakuwahi kuikanyaga hata moja kwa mguu mtupu. Aliitembea hiyo hadi mwisho, kisha akarudi kuishusha rola.