Jina la Baba Mkwe

Jumanne hiyo nilifundisha neno moja tu la Kiingereza, taboo, na kipindi kizima kikaishia hapo. Kamusi ya shule inasema ni mwiko, basi. Mimi nikajitia ujuaji, nikawaambia Kidato cha Tatu kwamba Waingereza hawakuwa nalo. Mabaharia wao walilisikia katika visiwa vya Tonga zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, wakalibeba. Kule lilihusu kitu kilichotengwa, kisichoguswa kwa sababu kina heshima. Kwa Kiingereza likanywea, likawa jambo la aibu lisilosemwa mbele za watu.

"Madam, wewe una taboo gani?" akauliza Prisca wa dawati la mbele. Nikamwambia afungue daftari.

Ninayo. Mimi ni Mhehe wa Kilolo niliyeolewa na Anania, Mnyakyusa, na kwao mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Mjini wengi wameshaacha. Wakwe zangu hawajaacha. Miaka kumi na moja nimemwona mzee mgongo tu, na jina lake halijawahi kutoka kinywani mwangu. Hata hapa silitaji.

Alhamisi mzee akapasuliwa jicho hospitalini Mbeya. Lile jingine lilishakufa zamani. Anania alikuwa amekwama na lori kwenye foleni ya mpakani Tunduma. Mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua, akanipigia simu: "Nenda wewe, Mama Mercy. Amefungwa bandeji, hakuoni. Ila usimkaribie, na usimsemeshe."

Nikakaa nje ya wodi. Kukaa gani! Nasimama, nachungulia mlangoni, narudi kwenye benchi, nampigia Anania, hapatikani. Chupa ya uji nilimkabidhi nesi. Sijui kama mzee amekunywa. Nilikasirika, kusema kweli. Mtu anaumwa hatua tano kutoka kwangu, na mimi nalinda ukuta.

Nilikwenda msalani dakika mbili. Kurudi, kitanda kitupu. Mzee alikuwa ametafuta choo kwa kupapasa, akatokea mlango wa nyuma, na sasa yuko katikati ya uwanja, mikono mbele, akielekea lori la kuni lililokuwa linarudi nyuma kwenda jikoni. Nilikuwa mbali mno kumkimbilia.

"Baba!" nikapiga kelele. "Baba, simama!"

Wazee watatu kwenye benchi wakageuka. Yeye akaendelea kutembea. Atajuaje kwamba ni yeye? Sijawahi kumwita.

Nikaliita jina lake. Lote, na la ukoo, kwa sauti ya kufukuza nyani shambani.

Akasimama. Lori likapita mbele ya vidole vyake. Nikakimbia, kisha nikaganda hatua kumi nyuma yake, na sasa nilimwogopa yeye kuliko lile lori. Nimemtaja mzee hadharani kama mtoto mwenzangu. Niliiwazia ndoa yangu.

"Ni Mama Mercy?" akauliza bila kugeuka.

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

 Akageuka mwili mzima kunielekea, mikono ikitafuta hewani.

"Sioni kitu, mwanangu. Ita tena, nifuate sauti yako."

Nikaita. Akapiga hatua. Nikawa narudi kinyumenyume mpaka kitandani kwake, nalia na kuita, na kila nilipolitaja jina lake aliitika, "Naam."