Kipimajoto Kilichohamishwa

Otakar Vrbický alimchukia Drahomíra tangu siku mwanamke huyo alipoamuru ikatwe misprusi, miti mirefu ya nchi za baridi jamii ya misonobari, iliyopandwa na baba yake Otakar. Drahomíra ndiye aliyekuwa bibi misitu wa vijiji vile vya milimani, na misprusi ile ilikuwa imeingiliwa na mbawakawa, vidudu vyeusi kama punje ya mchele vinavyotaga mayai chini ya gamba la mti na kuukausha ungali umesimama.

Mwaka ule, mwanzoni mwa Mei, mbawakawa waliingia tena kwenye msitu wa Otakar. Drahomíra akapanda mlima na kutundika kipimajoto kwenye shina moja, upande wa jua. Kilikuwa cha aina inayotuma vipimo kwenye simu yake.

"Hiyo takataka ya nini?" Otakar aliuliza, shoka begani.

"Mdudu hafuati kalenda, mzee. Anakua kwa joto. Kila siku nachukua joto lililozidi nyuzi nane, najumlisha. Jumla ikifika kikomo chake, watoto wanaruka. Kabla ya hapo nitaleta wakataji."

"Mchawi wa namba! Baba yangu alikuwa anabandua gamba, anachungulia, basi."

"Na miti yake iko wapi?"

Mishipa ya shingo ilimtoka Otakar. "Toka msituni kwangu."

Mei yote jumla ilipanda taratibu. Juni ikaja na jua kali, Drahomíra akawa anatokwa jasho ofisini hata dirisha likiwa wazi, huku simu ikimwambia kwamba kule mlimani ni nyuzi kumi na tatu. Aliona kuwa si kawaida. Mara mbili alichukua funguo za gari, na mara mbili akazirudisha mezani, kwa kuwa hakutaka kuiona sura ya Otakar. Akawapangia wakataji tarehe kumi Julai. Hedvika, mjane mwenye msitu uliopakana na wa Otakar, alipomuuliza kama kuna hatari, alimjibu, "Bado sana, mama. Lala usingizi."

Tarehe ishirini na nane Juni Hedvika alimpigia simu.

"Chini ya miti yangu kuna unga wa kahawia. Njoo uniambie ni nini."

Drahomíra alijua ni nini kabla hajafika: unga wa mti unaomwagwa na mbawakawa wanapotoboa kuingia. Magamba ya miti ya Otakar yalikuwa yametobolewa vitundu tele, watoto wameshatoka na kurukia kwa Hedvika. Kipimajoto alikikuta bondeni, kimegongomewa kwenye kisiki nyuma ya jabali, pembeni ya kijito, mahali jua halifiki.

Otakar alikuwa uani akiosha trekta. Hakukana.

"Nimekihamisha mimi. Siku ileile ulipokitundika."

"Ili iweje? Miti yako mwenyewe imekwisha!"

"Ilikwisha Mei, uliposema utaleta wakataji. Nilitaka namba zako zikuumbue mbele ya kijiji kizima. Zimekuumbua." Akaelekeza mpira wa maji miguuni pa Drahomíra, viatu vikalowa.

Drahomíra alitamani kumpiga. Badala yake alikwenda moja kwa moja kwa Hedvika, akamweleza yote, hata zile funguo.

Hedvika alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, asimkaribishe ndani. "Kumbe ulijua vipimo vina kasoro."

"Nilishuku."

"Ukashuku, ukanituma nikalale." Sauti yake haikupanda. "Nyinyi wawili mnachukiana. Miti yangu iliwakosea nini?"

Drahomíra aliandika ripoti, akaanza na kosa lake, ndipo akaja la Otakar. Ofisi ikamtoza Otakar faini, na Drahomíra ikamnyang'anya usimamizi wa vijiji vile.

Kazi yake ya mwisho pale ilikuwa kusimamia ukataji. Misprusi mia mbili ya Hedvika ililala chini kwa siku tatu, na harufu ya utomvu ikaingia hadi kanisani. Otakar alijitokeza na trekta lake, akasema atasaidia kuburuta magogo.

"Mguu wako usikanyage hapa," Hedvika alimwambia. Kisha akamgeukia Drahomíra, aliyekuwa anaweka alama za rangi kwenye visiki. "Na wewe ukimaliza, pita njia ya chini. Usipite mbele ya nyumba yangu."

Drahomíra alipita njia ya chini.