Viatu Vyekundu vya Kadutu

Harusi ya dada yake ilikuwa kesho, na Chancelle, mwenye miguu mikubwa, alikuwa amekosa kiatu madukani kote. Basi akaenda kwenye soko la mitumba la Kadutu, akamwuliza Maman Godelive, muuza viatu, kama ana saizi yake, huku akiogopa kuchekwa.

Mama yule hakucheka. Alifunika meza yake kwa turubai, akaacha biashara.

“Kuja, mutoto wangu. Kule juu iko mwenzangu anauzisha biatu bikubwa.”

Wakapanda njia ya tope pamoja. Kwa mwenzake walichimbua rundo mpaka wakapata viatu vyekundu vya visigino, vikamkaa sawasawa.

“Aksanti sana, maman,” alisema Chancelle, machozi yakimlenga. “Siku zote nilikuwa navaa biatu bya kaka yangu.”

“Tembea tuone!” Maman Godelive alimwambia.

Chancelle akatembea, na wauzaji wakampigia vigelegele.