Kibanda Kisichotoa Moshi

Tangu mahindi yavunwe, Arlys hakuwa amepata usingizi wa maana. Hedhi ilikuja ikitaka na kupotea ikitaka, na kila usiku alishtuka ameloa chapachapa, moyo unamwenda mbio. Shuleni alianza kusahau majina ya watoto anaowafundisha. Juzi alisinzia kwenye usukani, gari likaingia mtaroni. Daktari akamwambia ni umri tu, anywe maji. Maji! Mtu analowesha mpaka godoro, unampa maji.

Mumewe, Merle, alikuwa na dawa yake: kufuli. Alikifungia kile kiboksi cha ukutani cha kuongezea na kupunguzia joto la nyumba, ufunguo akauvaa shingoni, maana yeye bila blanketi la umeme halali hata majira ya joto.

"Nyinyi wanawake mnapenda kujitungia magonjwa," alisema. "Geukia huko, mama, unanilowesha."

Basi Arlys akahamia ziwani. Ziwa lilikuwa limeganda kwa baridi, barafu nene ya kubeba lori, na kila familia ilikuwa na kibanda chake cha mbao huko, cha kuvulia samaki kwenye tundu lililotobolewa kwenye barafu. Merle aliacha kwenda chao alipoanza kuumwa mgongo. Arlys akatandika kitanda cha turubai, jiko hakuwasha, mlango akauacha wazi kidogo. Akalala. Jamani, alilala! Asubuhi aliamka mkavu, akalia kwa raha.

Lakini wavuvi wana macho. Waliona taa dirishani, moshi hakuna. Anayevua samaki huwasha jiko, kila mtu pale anajua. Asiyewasha jiko ana mtu wa kumpasha moto.

"Merle, mkeo anavua nini huko?" walimuuliza kwenye kahawa. "Lazima ni mkubwa, maana harudi mpaka kunakucha!"

Wakacheka mpaka wakakohoa. Jumamosi asubuhi Merle akamchukua mdogo wake, Wendell, wakaendesha lori mpaka kibandani. Theluji ilikuwa mpya, na juu yake palikuwa na nyayo za mtu mmoja tu, buti za kike, zinaingia.

Merle akausukuma mlango. Arlys alikuwa amelala chali, mdomo wazi, anakoroma, mvi zimemganda kwenye paji la uso. Peke yake. Akafumbua macho, akamwona mumewe, na yule mwanamke maskini akatabasamu.

"Merle, nimelala," akasema. "Nimelala kweli."

Merle alikuja amekunja ngumi. Angemkuta mwanamume wangepigana, na mji mzima ungemnunulia bia. Sasa hili angelisemaje? Kwamba mkewe amekimbilia barafu kwa sababu amezeeka?

"Bora ningekukuta na mtu," alimwambia, akaufunga mlango.

"Jamaa amekimbia," akamwambia Wendell nje.

Wendell akaitazama theluji, kisha akamtazama kaka yake.

"Nimemwona," akasema. "Mshenzi ana mbio yule."

Kibanda kilikokotwa siku ileile, kikapasuliwa kuni. Arlys alimfuata Wendell mpaka kwake, akamshika mkono.

"Shemeji, nyayo uliziona. Sema ukweli."

"Nenda nyumbani, shemeji. Anataka kukusamehe, kubali yaishe."

Na kweli alimsamehe, Jumapili, kanisani, mbele ya watu wote. Mchungaji alipouliza nani ana haja ya kuombewa, Merle akasimama na kuiombea ndoa yake, akasema yeye hana kinyongo. Wanawake wakafuta machozi. Mume wa namna hiyo utampata wapi!

Arlys akainuka aseme kwamba hakukuwa na mtu. Joto likampanda kutoka kifuani, shingo ikawa nyekundu, jasho likamchuruzika usoni mpaka kwenye kola. Badala ya kusema, akajipepea kwa kitabu cha nyimbo.

"Mnaona?" mama mmoja alinong'ona. "Dhambi inamtoka hiyo."

Mwingine, kwa huruma, akavua shali yake ya sufu, akamfunika nayo mabegani na kumkumbatia kwa nguvu.