Visigino Vizima

Ngozi yangu na plasta ni paka na panya. Ukinibandika kipande mahali popote, kabla chai haijachemka pale panaanza kuwasha, na jioni panatoka vipele vyekundu vilivyopangana kufuata umbo la kipande chenyewe. Nilimweleza Kocha jambo hili siku ya kwanza niliyokwenda na kundi lake kupanda mlima. Lakini Kocha, ambaye siku za kazi hufundisha michezo shuleni, hana sikio la udhuru. Kila Jumapili asubuhi, pale langoni njia inapoanzia, hutuketisha kwenye benchi miguu mitupu, akapita na mkasi na roli ya plasta akitubandika visigino mmoja baada ya mwingine kama karani anayebandika stempu.

"Mama Pasi," aliniambia, "asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lete mguu."

Nikaleta mguu. Mimi ni mbishi, kila anayenijua atakwambia, lakini asubuhi ile sikutaka ubishi. Nilitaka wanipende.

Niseme wazi kilichonipeleka pale, maana si mlima. Kazi yangu ni kupiga pasi katika chumba cha nyuma cha duka la dobi. Mwenye duka yuko mbele na wateja, mimi niko nyuma na mashati. Mume wangu amefariki. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, ameolewa mbali, na akipiga simu nasikia zaidi vilio vya wajukuu kuliko maneno yake. Siku za kazi nilizimudu kwa sababu mashati hayaishi. Jumapili ndiyo ilinishinda. Kuna Jumapili jioni mtu alibisha hodi, kumbe kakosea nyumba, na nilipofungua kinywa kumwelekeza, sauti ilitoka imekwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Tangu jana yake sikuwa nimesema neno na binadamu. Nikaona nitafute watu, hata kama watu wenyewe wanapatikana juu ya mlima.

Basi siku hiyo ya kwanza, hatujamaliza hata mwinuko wa mwanzo, plasta ikaanza kuwasha. Jasho likaingia, ukingo ukajikunja, ukawa unasugua kama msasa. Nikajikaza kisabuni. Wenzangu wakanipita, mmoja mmoja, kila mmoja na "pole" yake, hadi nikabaki na Shangazi.

Shangazi si shangazi yangu. Ni muuguzi mstaafu, na ndivyo wote wanavyomwita. Katika kundi letu yeye ndiye mkia: hutembea nyuma ya watu wote, na anayechoka au kuumia hubaki naye. Alinikalisha juu ya jiwe, akailowesha plasta kwa mafuta ya kupaka, akaibandua taratibu. Chini yake palikuwa na malengelenge mawili makubwa na vipele visivyo na idadi. Hakunigombeza. Alinifunga kitambaa laini, akaniambia turudi, na tangu pale hadi langoni mdomo wake haukupata likizo. Alinisimulia habari za wodini, na za mgonjwa aliyeficha kuku chini ya kitanda siku ya ukaguzi, na jinsi kuku alivyolia chini kwa chini, daktari mkuu akasimama akatega sikio, halafu akaandika kwamba mgonjwa ana kifua kibaya. Nilicheka hadi nikamshika mkono nisianguke. Aliniuliza na yangu pia, kazi ikoje, marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Nilifika nyumbani nachechemea na nina furaha.

Jumapili ya pili Kocha akanibandika tena, nami nikanyamaza tena, na yakawa yale yale. Sitasema uongo, nilipobaki nyuma na Shangazi sikusikitika sana. Lakini langoni Kocha alikuwa ananingoja, mikono kiunoni.

"Mama Pasi, mimi sitaki lawama. Ukirudi na vidonda tena, utabaki nyumbani. Hiki ni kikundi cha matembezi, si hospitali."

Kubaki nyumbani ndicho nilichokuwa nakikimbia.

Shangazi alinivuta kando. "Plasta siyo yako, achana nayo. Kinachochubua ni msuguano na jasho, basi. Vaa soksi mbili mbili, ya ndani nyembamba na laini, ya nje nene. Ziache zisuguane zenyewe kwa zenyewe, ngozi zisiiguse. Beba na za akiba, ukilowa ubadilishe. Kiatu ukifunge kwa juu, kisigino kisicheze. Na ukisikia panaanza kupata moto, simama hapo hapo, usione aibu. Lengelenge halitokei ghafla, linabisha hodi kwanza."

Wiki nzima nilifanya mazoezi kwenye ngazi za jengo letu, nikipanda na kushuka na viatu vya mlimani. Nilijifunza kupitisha kamba katika tundu la mwisho zikafanya vitanzi viwili, kisha kila kamba ikaingia kitanzi cha mwenzake, ukivuta kisigino kinatulia mahali pake. Siku moja jirani wa chini alichungulia.

"Mama, unahama?"

"Sihami. Napasha viatu."

Alivitazama viatu, akanitazama mimi, akasema basi sawa, akafunga mlango. Nilikuwa na mengi ya kumweleza kuhusu zile kamba.

Jumapili ya tatu Kocha alipofika kwangu na mkasi wake, Shangazi alisema kutoka nyuma, "Huyo mwache, ana dawa yake." Tukaanza. Penye kona ya kwanza nikasikia moto kisigino cha kulia. Nikapiga moyo konde, nikaketi mbele za watu, nikavua. Soksi ilikuwa imejikunja, ndiyo kisa. Nikainyoosha kama ninavyonyoosha ukosi wa shati, nikakaza kamba, nikawafuata. Sikusikia moto tena. Nilifika kileleni nikiwa katikati ya kundi, sijachechemea hata hatua moja.

Kileleni kuna mnara wa simu na upepo mwingi. Watu walikuwa wawili wawili, watatu watatu, wakipigana picha. Kocha alinipa mkono akasema, "Unaona sasa?" kana kwamba wazo lilikuwa lake. Nikaketi kukaza kamba za viatu, na hapo ndipo nilipopiga hesabu ya asubuhi yote. Wa mbele walikuwa wakizungumza habari za ofisi yao. Wa kati ni mtu na mkewe, mtu na shoga yake. Maneno niliyoambiwa njia nzima yalikuwa "samahani, nipishe kidogo." Kumbe mzima hana wa kutembea naye.

Wakati wa kushuka nilijichelewesha. Nyuma kabisa nikamwona Shangazi na mwanachama mpya, karani wa benki, anakanyagia vidole kwa maumivu ya kisigino. Shangazi alikuwa anamsimulia kuku wa chini ya kitanda. Maneno yale yale, na pale pa daktari kutega sikio akanyamaza kidogo, kama alivyonyamaza kwangu. Karani akaangua kicheko. Wivu ukanipanda kama maziwa jikoni.

Nikawasubiri. Nikamwambia karani aketi, nikampa soksi zangu kavu za akiba, nyembamba na nene, nikamfunga kamba kwa vile vitanzi. Usinisifu. Sikufanya kwa huruma, nilitaka aondoke. Akasimama, akajaribu hatua, akashukuru sana, akashuka kuwafuata wenzake. Tukabaki wawili.

"Na wewe kisigino vipi?" Shangazi aliuliza.

"Kizima."

"Mbona uko huku basi?"

Ningeweza kusingizia goti. "Nyumbani sina wa kuongea naye," nilisema. "Nilidhani tutaongea kama siku ile."

"Mdogo wangu, nisikufiche. Mwenye maumivu huwa namwongelesha, kwa sababu akinyamaza atakisikiliza kidonda na hatanyanyuka. Yale yalikuwa matibabu. Mimi mwenyewe si msemaji. Kwangu tumejaa, wana, wakwe, wajukuu, hata nikiingia chooni nagongewa mlango. Huu mkia niliuomba mimi mwenyewe kwa Kocha, walau siku moja nisikie miguu yangu." Akanitazama usoni. "Umekasirika."

"Sijakasirika," nilisema, na nilikuwa nimekasirika kweli kweli, na sijui kwa nani.

"Tembea hapa hapa ukitaka. Ila tusiongee."

Basi tukashuka kimya. Mara mbili neno lilinifika mdomoni nikalimeza. Yeye alikuwa akitabasamu peke yake, uso umelegea kama wa mtu aliyeoga, na nikaona kwamba siku zile za vidonda vyangu hakuwa hivi, alikuwa kazini. Langoni alinigusa bega, akaenda kwenye gari la mwanawe. Kabla mlango haujafunguka vizuri, watoto ndani walikuwa wameshaanza kumwita wote kwa pamoja.

Nyumbani nilivua viatu nikaketi ukingoni mwa kitanda. Nikashika kisigino kimoja, kisha cha pili, nikavigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Havikuwa na lengelenge, wala kipele, wala wekundu. Nilivishika hivyo hivyo nikalia kama mtu aliyechunika ngozi. Kisha nikaenda kufua soksi, maana Jumapili nyingine ingekuja tu, na sikuwa na mahali pengine pa kwenda.